Mguu wa Mtemi

Mgodini, Geita
25 Oktoba 1953

Mdogo wangu Donatus,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Sisi hapa wazima, isipokuwa mafua ya Gregory, ambayo yeye na hayo wamefunga ndoa, hawaachani. Bado yuko kwenye karakana ya useremala, anachonga nguzo za kushikilia mashimo huko chini, na kila jioni mume wangu anarudi na vumbi la mbao mpaka masikioni. Marcel ameanza kufundisha hapa shule ya misheni. Juzi nilipita nje ya darasa lake nikamsikia anawakemea watoto, nikadhani ni wewe. Wanasema mpwa humfuata mjomba wake. Basi Mungu amsaidie asikufuate na kwenye majivuno.

Ndiyo, majivuno yako yametufika mpaka huku. Alipita Sikujua, yule mchuuzi wa ngozi wa kwetu, akala ugali kwangu, akanimwagia habari. Anasema: "Mtemi wenu siku hizi anavaa soksi ndefu mpaka magotini kama Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, na viatu havui hata akiwa barazani." Donatus! Joto la Oktoba la Igalamya nalijua, hata mbwa huchimba shimo akalala humo. Wewe unavaa soksi za sufu? Wewe niliyekubeba mgongoni huna hata kaptula? Nimecheka mpaka nikakaa chini. Gregory anasema nisikuandikie hivi, kwamba wewe ni mtemi. Nimemjibu, mtemi ni wa watu, kwangu mimi ni Donatus.

Ila kuna jambo moja Sikujua alilisema kwa kunong'ona, na yeye si mtu wa kunong'ona. Anasema mwaka huu wakati wa kugawa mbegu hukuyazunguka mashamba na wazee kama watemi wote walivyofanya. Umegawa mbegu umekaa kitini. Wazee hawakusema kitu, na hilo ndilo lililomtisha. Mimi nilifurahi kwanza. Nikasema ndugu yangu ni Mkristo kweli, ameyaacha mambo ya mizimu. Lakini baadaye nikawaza, kama umekataa mila, si ungekataa kugawa mbegu pia? Kwa nini ukae tu?

Nijibu hilo. Msalimie Klara na watoto.

Dada yako,
Euphrasia


Ikulu, Igalamya
14 Novemba 1953

Dada yangu Euphrasia, shikamoo.

Barua yako nimeisoma peke yangu na nikacheka peke yangu, maana mtemi akicheka mbele ya wazee lazima aeleze sababu. Klara anakusalimu sana. Mtoto wa pili ameota jino, ananiuma kidole. Ng'ombe wamekonda. Mvua bado. Mawingu yanakuja kila siku baada ya chakula cha mchana, yanatuangalia, yanakwenda zake upande wa Mwanza.

Ni kweli niligawa mbegu nikiwa nimekaa. Padre naye alifurahi kama wewe, akanishika mkono kanisani mbele ya watu wote. Nami nimemwacha afurahi.

Soksi nilipewa zawadi. Nazivaa kwa heshima ya aliyenipa.

Sina mengi. Ila mtu yeyote akikuuliza habari zangu, dada, sema mdogo wangu ni mzima. Hata akiwa ni mtu wa kwetu. Hasa akiwa mtu wa kwetu.

Mdogo wako,
Donatus


Mgodini, Geita
6 Desemba 1953

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu, tumeamka. Gregory na mafua yake wanakusalimu. Hapa wiki jana shimo moja liliporomoka, watu watatu wakatolewa wamekufa, mmoja mtu wa Kahama. Tulilia, kisha kesho yake king'ora kikalia kama kawaida na watu wakashuka. Ndivyo tulivyo huku.

Sasa wewe. Wewe na barua fupi tangu lini? Ulipokuwa shuleni Tabora ulikuwa unaniandikia kurasa nne kuhusu maharage tu. Nimeisoma ile ya kwako mara nyingi, na kila nikifika kwenye "sema mdogo wangu ni mzima" roho inaniuma. Mtu mzima hatumi watu wakamsemee kwamba ni mzima. Mtu mzima anaonekana!

Una nini? Nieleze. Na usiniagize uongo, Donatus. Mimi nilifundishwa na masista kwa fimbo kwamba midomo hii ni ya kusema kweli, na nimewafundisha wanangu hivyo hivyo. Nikianza kusema uongo kwa umri huu nitamtazama vipi Marcel?

Dada yako asiyelala vizuri,
Euphrasia


Ikulu, Igalamya
2 Januari 1954

Dada Euphrasia, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Nisamehe kwa kukawia. Noeli ilipita kimya. Klara alichinja kuku tu, maana si vizuri harufu ya nyama ya ng'ombe itoke ikulu wakati watu wanatafuna michembe, viazi vikavu vya mwaka juzi. Mvua ilikuja jioni moja, ikapiga mabati, ikaondoka. Walioweka mbegu ardhini wamezifukua ili wazile.

Haya, umenishika. Tangu utoto hakuna nilichokuficha kikakaa.

Mwezi wa nane serikali ilituagiza tufyeke pori la mbung'o upande wa magharibi. Watu wakawa wanazembea, wanasema pori lile lina wenyewe. Nikasema nitaonyesha mfano. Nikavua koti, nikashika panga mbele yao. Bwana Shauri akanipiga picha. Panga likateleza kwenye mti mgumu, likanikata chini ya goti. Si sana. Nikacheka, nikafunga leso, nikaendelea kufyeka. Lakini nilimwona mzee Bujiku. Unamkumbuka, ndiye sasa mkuu wa banang'oma, wale wazee wanaotunza ngoma na kumtawaza mtemi. Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama ardhi pale damu ilipodondokea. Akainama, akachota ule udongo kwa mikono miwili, akaufunga kwenye nguo yake, akaenda nao.

Kidonda hakijapona. Kinafunga, kinafunguka. Sasa kina harufu. Soksi ndiyo habari yake hiyo, dada, zinaficha bandeji. Kuna dresa mmoja wa zahanati, rafiki yangu, anakuja kama mtu aliyeleta kesi, tunajifungia ananidunga sindano. Anasema mfupa umeguswa. Anasema nikalale hospitali ya Kolandoto kabla haijawa vibaya zaidi.

Utauliza kwa nini siendi. Kwa sababu mtemi haumwi. Siku ya kuvikwa simbi la utemi neno la kwanza unaloambiwa ni hili: mwili wako si wako tena, ni nchi. Wewe ukipasuka, nchi imepasuka. Nilisimama pale na rozari mfukoni, nikaitikia, nikijua ni maneno ya wazee tu. Sasa nenda mbugani ukaone, nyufa zinameza mkono mpaka kiwiko. Nami nina ufa wangu chini ya goti. Mimi siamini hayo. Lakini wao wanaamini, na ni wengi, na wana njaa.

Ukishasoma, ichane. Hata Padre hajui.

Donatus


Mgodini, Geita
17 Januari 1954

Donatus,

Sikusalimu kwanza, nitakusalimu mwishoni hasira ikipungua.

Wewe ni mtu uliyesoma! Umeandika barua mpaka kwa Gavana kuomba shule na visima. Umesimama mbele ya watu ukawaambia waache ramli, waache kuwapiga vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, wapeleke wagonjwa wao hospitali. Na wewe unakaa na mguu unaooza ndani ya soksi kwa kuwaogopa wazee wenye ngoma? Mficha maradhi kifo humuumbua. Ulimsikia bibi akisema hivyo kila siku na hukuelewa.

Ikijulikana watafanya nini? Watakuondoa utemini? Wakuondoe! Njoo Geita na Klara na watoto, Gregory atakupa kazi ya kupiga randa. Utakuwa na mguu wako na roho yako. Utemi ni nini, mbona hata serikali yenyewe sasa ndiyo inayosema nani awe mtemi na nani asiwe?

Hili la kusema u mzima, nimelipeleka mbele ya Mungu. Sitapiga mbiu. Sitamtafuta mtu nimwambie. Lakini nikiulizwa uso kwa uso sitasema uongo, hata kwa ajili yako. Ukitaka niseme u mzima, nenda Kolandoto upone, nitasema kwa sauti mpaka wachimbaji walio chini ya ardhi wanisikie.

Na nikuulize jambo ambalo limenirudia wiki hii nzima. Mjomba wetu, mtemi aliyekutangulia, alikufa na nini? Mimi nilikuwa bwenini kwa masista. Nilirudi likizo nikamkuta mama amenyoa kichwa, na tangu siku ile mpaka anaingia kaburini hakulitaja tena jina la kaka yake. Wewe ulikuwepo. Alikuwa na nini?

Haya, mwadila, mdogo wangu. Hasira haijapungua ila nakusalimu.

Euphrasia


Ikulu, Igalamya
29 Januari 1954

Dada, shikamoo.

Wote wazima. Usiulize habari za mjomba katika barua.

Mvua hakuna. Kwenye vijiji vya kusini wamezika watoto. Bujiku haonekani barazani tangu wiki iliyopita, wala wenzake wawili. Nimeuliza wako wapi, nimeambiwa wamekwenda kutafuta dawa ya mbegu. Nimeuliza upande gani, watu wakatazama miguu yao.

Kama kuna wazee watakuja kwako, usikutwe nyumbani. Nenda kanisani, nenda kisimani, nenda kwa jirani ukalale huko. Wakikukuta, usifungue mdomo. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba uji nikiwa mdogo. Sijawahi kukuomba kitu kingine.

D.


Mgodini, Geita
1 Februari 1954

Mdogo wangu mpenzi Donatus,

Natumaini barua hii inakukuta na amani, maana mimi leo nina amani kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Gregory mzima. Marcel mzima, na leo utasikia habari zake.

Wazee wamekuja! Mzee Bujiku na wenzake wawili. Wamesafiri kwa miguu na kwa lori, wakavuka na pantoni ya Busisi, miguu yao imejaa vumbi kama wametoka kaburini. Nilipowaona mlangoni nilidhani wameleta msiba. Nikawapa maji. Nikawapikia ugali na samaki. Hawakula. Nikasema labda samaki hawamjui, nikakaanga mayai. Hawakula pia. Wakakaa chini, viti wakaviacha.

Bujiku akaniamkia mimi! Mzee yule mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akapiga makofi taratibu akaniita mayu, kama vile mimi ndiye niliyemzaa. Nikaona haya. Akasema, "Wewe na Mtemi mmetoka mlango mmoja. Hakuna mwingine aliyebaki wa mlango ule. Tumekuja kukuuliza wewe, na tutakachojibiwa ndicho tutakachoondoka nacho. Ndugu yako ni mzima?"

Donatus, nilikuwaza wewe na yote uliyoniomba. Uamini hilo. Lakini yule mzee alikuwa ananitazama machoni, na machozi yalikuwa yamemlenga, nikaona hapa sikuulizwa na mbeya, nimeulizwa na mtu anayekupenda. Nikasema ndani yangu, labda hawa ndio Mungu aliowatuma, wao wanaogopa kusema na yeye anaogopa kusema, na mtu anakufa katikati ya haya zao. Nikamjibu: "Si mzima. Mguu wake unaoza. Kama mnampenda, mpelekeni Kolandoto."

Basi! Nimeutua mzigo. Hawakukasirika hata kidogo. Wote watatu waliinama mpaka vipaji vya nyuso vikagusa sakafu. Bujiku akanishukuru, "Wabeja, mayu. Umeisaidia nchi." Wakaniachia kondoo mweusi, ambaye sikujua hata walikuwa wamemfunga wapi.

Wakati wa kuondoka Marcel alikuwa anarudi shuleni. Wakamzunguka kwa furaha. Bujiku akamshika mkono, akamwambia afungue kinywa, akatazama meno. Kisha akainama akampandisha suruali, akampapasa miguu, mmoja, halafu wa pili, kama mtu anayenunua fahali mnadani. Marcel alicheka. Mimi nilicheka pia, ila sikupenda. Mwambie Bujiku watoto wa siku hizi hawashikwi hivyo.

Najua utanikasirikia. Nikasirikie ukiwa umelala kwenye kitanda cha hospitali. Naomba barua yako ijayo iwe imeandikwa Kolandoto.

Dada yako anayekupenda,
Euphrasia


Ikulu, Igalamya
16 Februari 1954

Dada yangu Euphrasia, shikamoo.

Barua yako ya tarehe mosi nimeipata. Yangu ya Januari bila shaka umeshaipata, nayo imekuja imechelewa. Kaa chini uisome hii yote kabla hujalia. Sikulaumu. Ningekuwa na akili ningekueleza mapema, kwa hiyo lawama ni yangu.

Banang'oma wanaweza kumwona mtemi akichechemea. Wanaweza kunusa. Wanaweza kujua kila kitu wasiweze kufanya lolote, maana macho yao hayahesabiki. Ugonjwa wa mtemi haupo mpaka dada yake wa tumbo moja autamke kwa mdomo wake mwenyewe. Akishautamka, si ugonjwa tena, ni kazi yao. Mtemi haachwi afe na kidonda kama mtu mwingine, eti nchi itakufa naye polepole. Anasaidiwa. Ndilo neno wanalolitumia, kusaidiwa.

Mjomba alisaidiwa. Nilikuwa kijana, nikaambiwa nipeleke ng'ombe mbali siku ile. Niliporudi ngoma ilikuwa imegeuzwa kifudifudi na wazee wote wamenyoa. Mama walimwendea mara nyingi, na kila mara alijibu kaka yangu ni mzima. Mwishowe, njaa ilipozidi, alijibu kweli. Yeye alijua anachokisema. Wewe hukujua, dada, na mbele ya Mungu hiyo ni tofauti kubwa. Uishike tofauti hiyo.

Kwa nini sikukueleza? Tuliapishwa tusiwaambie wanawake wa mlango wetu. Lakini si kiapo kilichonizuia, viapo vya ngoma mimi navihesabu kuwa si kitu. Ni aibu. Mimi niliyemwambia Bwana Shauri kwamba mambo haya yamekufa, niliyesimama kanisani nikasema yamekufa, ningekuandikiaje kwamba nayaogopa? Nilitaka yawe yamekufa. Nikaona nikiyataja yatasimama.

Bujiku alikuja juzi, mchana, peke yake. Aliketi miguuni pangu akalia, dada, alilia kweli. Akasema, "Mwanangu, nilikufundisha kupiga mshale. Nakupenda kuliko wanangu. Lakini njoo nikuonyeshe makaburi ya watoto." Nikamwambia, mzee, mvua haitoki mguuni mwangu. Akanijibu, "Padre wenu anafundisha nini kila Jumapili? Kwamba mmoja alikufa kwa ajili ya wengi. Nimekaa nje ya dirisha la kanisa nikasikia kwa masikio yangu. Kwa nini kwa Padre ni kweli na kwangu ni ushenzi?" Nilikuwa na majibu, nilifundishwa majibu yote kule Tabora. Nikamsaidia tu kuinuka kutoka pale chini. Nafikiria mpaka leo. Najua kuna jibu. Yule alijitoa mwenyewe, labda ndilo hilo. Kisha nafika hapo naanza kuogopa, maana nauliza, je, wakiniuliza kama najitoa?

Wamemrudisha Klara kwao na watoto, wakisema akapumzike. Hawakumpa nafasi ya kukataa, na nimeshukuru, maana angalau yuko mbali. Pale zizini wameleta dume jeusi lisilo na doa. Ngozi nyeusi ya namna hiyo ni ya kumzikia nani, wewe ni binti wa ikulu, unajua. Vijana wanne wanalala kwenye kibaraza changu. Wananiamkia vizuri sana. Nikitoka wanatoka, nikirudi wanarudi. Siku hizi hakuna anayenitazama mguu, wote wananitazama shingo.

Baiskeli siwezi kuikanyaga. Nimempa dresa barua ampelekee Padre, Padre aje na gari Jumatatu mchana kweupe, na akija atanikuta nimekaa barazani na viatu vyangu. Gari likiwahi, nitakuandikia kutoka Kolandoto, nikiwa na miguu miwili au mmoja. Utanicheka kuhusu soksi.

Sasa sikiliza. Ondoa Marcel Geita. Usingoje. Mpeleke Buseresere, mpeleke Biharamulo, umvushe mpaka Bukoba kwa mapadre, ila asikutwe hapo. Utemi wetu hushuka kwa mpwa, na wale hawakuwa wanacheza naye. Walikuwa wanatafuta mguu usio na kovu.

Mdogo wako,
Donatus


Mgodini, Geita
2 Machi 1954

Donatus, Donatus,

Naandika hii iende Kolandoto, hospitali, wodi ya wanaume, kwa sababu uko huko. Lazima uko huko. Ile Jumatatu imepita zamani na Padre ni mtu wa ahadi.

Barua yako imefika leo asubuhi, imelowa, wino umetambaa. Pantoni haikuvuka kwa sababu ya mvua. Ndiyo, mvua! Huku imenyesha siku nyingi, bila kupumzika, mashimo ya mgodi yamejaa maji, kazi imesimama. Wachimbaji wa kwetu wamecheza ngoma kwenye tope, wanasema habari zimekuja kwamba huko Igalamya mvua imeshika mpaka mito imefuta njia. Nami niliwakimbilia, Donatus. Nilipiga vigelegele mbele ya nyumba yangu mpaka sauti ikakauka. Sikuwa nimesoma. Sikuwa nimesoma!

Gregory amekwenda ofisini kuomba wapeleke simu Shinyanga. Karani anasema nyaya zimeanguka. Nimemwambia arudi amwombe tena.

Mimi ndiye niliyekubeba. Mama alipokuwa shambani ni mimi niliyekutafunia viazi nikakulisha. Halafu nikakaa kwenye sakafu yangu safi, nikajiona mtakatifu, nikawapa wale. Masista hawakuniambia kwamba kweli nayo ina mikono. Wakija tena nitawaambia nilisema uongo. Nitaapa kwenye Biblia kwamba mdogo wangu ni mzima, ana nguvu kama fahali, hajawahi hata kukohoa, nami nilisema vile kwa wivu wa kike. Nitakwenda motoni kwa furaha. Niambie tu kwamba hujachelewa.

Marcel anafunga nguo zake. Lori la Biharamulo linaondoka saa sita, barabara ikipitika. Anakataa, anasema yeye ni mwalimu, ana watoto wa kufundisha kesho, na mambo ya ngoma ni ya wazee. Anasema kama wewe ulivyokuwa ukisema, kwa sauti ile ile. Nimempiga kofi, mtu mzima yule, nikamwambia afunge nguo.

Nilikuwa nimeacha kalamu, sasa nimeirudia. Nitakuambia nilichokiona. Unieleze maana yake, wewe ndiye unayezijua taratibu zao.

Wameingia uani hivi sasa, mvua ikiwa inanyesha. Si watatu, ni wengi, na Bujiku yuko mbele, amenyoa kichwa. Wote wamenyoa. Nilitoka mbio nikasimama mlangoni, nikasema kwa nguvu, "Nilidanganya! Ndugu yangu ni mzima!" Bujiku akaniangalia kwa huruma kama mtu anayemwangalia mtoto. Nikarudia. Akanishika bega, akanisogeza pembeni polepole, akapita.

Marcel alikuwa ametoka na sanduku lake mkononi. Wote wakapiga magoti mbele yake, pale kwenye tope.

Wanampigia makofi. Nawasikia. Donatus, nijibu.